Nyumba Ndani ya Kiganja

Juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya vipande vya miamba ambavyo mwalimu wa jiolojia hawezi kuviacha mbali, kimo kijumba cha kauri kisichozidi urefu wa kidole. Kina kuta nyeupe, mlango mmoja, madirisha madogo na paa lililopakwa rangi ya nyasi kavu. Nilikinunua nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya udaktari, kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitu vikuukuu sokoni siku za Jumamosi. Pembe ya paa lake imemeguka, na kwa sababu hiyo bei yake haikuushinda mfuko wa mwanafunzi. Vijana wanaokuja ofisini mwangu hukitazama, hutabasamu, kisha huuliza: "Mwalimu, mtu mzima ana shughuli gani na kitu cha kuchezea?"

Swali hilo ni la haki, na makala haya ndiyo jibu langu. Rai yangu ni kwamba vijumba vya namna hii, vilivyotengenezwa zamani ili watu wayakumbuke majengo ya kihistoria, ni ushahidi wa kweli, lakini ni ushahidi unaohitaji kuhojiwa. Mwanafunzi akijifunza kukihoji kitu kidogo kama hiki kwa rula, kwa mizani na kwa maswali, amejifunza sehemu kubwa ya kazi ya mwanasayansi. Tena anaweza kuigeuza elimu hiyo kuwa msaada kwa majengo ya kwao kabla hayajaanguka.

Vilikotoka

Tuanze na historia. Katika mji wa Stoke, katikati ya Uingereza, aliishi mfinyanzi aitwaye William Henry Goss. Alizaliwa mwaka 1833, akaanzisha kazi yake mwaka 1858, akafariki mwaka 1906. Mwanawe Adolphus alitambua jambo ambalo wengi hawakuliona. Reli zilikuwa zimekwisha kuenea nchi nzima, na sheria ya mwaka 1871 ilikuwa imewapa watumishi siku kadhaa za mapumziko kila mwaka. Watu wa kipato cha kawaida, ambao babu zao hawakupata kutoka vijijini mwao, sasa waliweza kupanda treni asubuhi, kwenda kuiona bahari au kanisa la kale, na kurudi jioni. Watu hao walitaka kurudi na kitu mkononi.

Kiwanda cha Goss kikawatengenezea vyombo vidogo vya kauri vyenye nembo za miji. Mji mmoja ulipewa wakala mmoja, na nembo ya mji huo iliuzwa humo tu. Aliyeitaka alilazimika kusafiri hadi huko. Kisha, mwaka 1893, vikaanza kutoka vijumba vya mfano. Miongoni mwa vya kwanza ilikuwa nyumba alimozaliwa Shakespeare, nyumba ya ujana wa mkewe Anne Hathaway, na nyumba alimozaliwa Robert Burns, mshairi wa Uskoti. Baadhi vilitengenezwa viwe taa za usiku: mshumaa mdogo uliwekwa ndani, mwanga ukapenya madirishani, na moshi ukatokea kwenye bomba la paa kana kwamba mna watu wanaopika. Shauku ya wakusanyaji ilikuwa kubwa hata mwaka 1904 wakaunda chama chao. Viwanda vingine vya Uingereza na vya Ujerumani vikaiga biashara hiyo. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 shauku ikapungua, na mwaka 1929 jamaa ya Goss wakakiuza kiwanda chao.

Kutoka tope hadi kioo

Kijumba hiki kilifanywaje? Hapa ndipo mwalimu wa kemia apaswapo kusogea karibu.

Malighafi yake kuu ni kaolini, udongo mweupe unaotokana na kuoza kwa miamba yenye feldispa. Kaolini ya Waingereza ilichimbwa Cornwall, kusini-magharibi mwa nchi, ikasafirishwa kwa vyombo vya majini hadi Stoke, ambako makaa ya mawe yalikuwa mengi. Goss alitumia aina ya kauri iliyobuniwa katika eneo lake miaka ya 1840 ili kuiga marumaru ya kisiwa cha Paros huko Ugiriki. Siri yake ni feldispa nyingi katika mchanganyiko.

Udongo husagwa na kuchanganywa na maji hata uwe tope jepesi kama uji. Tope humiminwa katika kalibu iliyotengenezwa kwa jasi iliyochomwa. Jasi hiyo ina vinyweleo vingi, basi hunyonya maji, na gamba la udongo hujijenga pole pole kwenye kuta za kalibu. Gamba likifikia unene unaotakiwa, tope lililobaki humwagwa. Ndiyo sababu kijumba ni kitupu ndani, na ndiyo sababu kina tundu: hewa iliyofungiwa hupanuka inapopata moto, na isipopata njia huweza kukipasua chombo.

Tanurini mambo hutokea kwa hatua. Kati ya nyuzi 500 na 600 za sentigredi, maji yaliyofungamana ndani ya fuwele za kaolini hutoka, na tangu hapo udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima. Joto likipita nyuzi 1,100, feldispa huanza kuyeyuka kuwa kioo kizito kinachojipenyeza katika nafasi zilizo wazi, na fuwele mpya zenye umbo la sindano huota ndani yake. Kikipoa, hakiwi udongo tena. Huwa jiwe lililotengenezwa na binadamu, nusu fuwele na nusu kioo. Kwa kuwa vinyweleo vimezibwa, mwanga hupenya pale palipo pembamba, jambo lisilowezekana kwa chungu cha kawaida.

Pembe iliyomeguka ya kijumba changu huonyesha hayo yote. Nikidondosha tone la maji juu ya mmeguko, tone hubaki limesimama. Nikifanya vivyo hivyo kwa kigae cha mtungi wa kwetu, tone hunyonywa mara moja. Jaribio hilo halihitaji maabara. Linahitaji vigae viwili, maji na macho.

Hesabu inayomfichua mwigaji

Udongo ukichomwa hunywea. Tuseme kila urefu unapungua kwa asilimia 10. Kalibu yenye urefu wa milimita 100 itatoa kijumba cha milimita 90. Mwanafunzi atadhani ujazo nao umepungua kwa asilimia 10. La hasha! Urefu, upana na kimo vyote vimepungua, kwa hiyo ujazo uliobaki ni 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.729 ya ule wa awali. Zaidi ya robo ya ujazo imetoweka.

Sasa fikiri juu ya mtu anayetaka kuiga kijumba cha kale ili akiuze kwa hila. Hana kalibu ya asili, basi anatengeneza kalibu yake kwa kukizungushia jasi kijumba kilichokwisha chomwa. Kalibu hiyo ina urefu wa milimita 90, na kijumba chake kikitoka tanurini kitakuwa na milimita 81. Mwigaji anaweza kuiga nembo, rangi na hata alama ya kiwanda, lakini mnyweo wa udongo hautii amri yake. Mnunuzi mwenye rula na kumbukumbu sahihi ya vipimo atamtambua. Sijui mfano mwepesi zaidi wa kumwonyesha kijana kwamba kanuni ya asili haimpendelei mtu, na kwamba kipimo kilichoandikwa zamani huweza kuamua kesi ya leo.

Nyumba ya Shakespeare ilikuwaje hasa?

Hata hivyo, kijumba halali nacho huweza kutupotosha tusipokihoji. Tuichukue nyumba ya Shakespeare iliyoko Stratford-upon-Avon. Mtunzi huyo si mgeni kwa wasomaji wetu, kwani Mwalimu Nyerere alizitafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili. Alizaliwa mwaka 1564. Kijumba cha mwaka 1893 kinaonyesha nyumba nzuri ya boriti na ukuta, yenye vipaa vya madirisha juu, imesimama peke yake. Je, hivyo ndivyo Shakespeare alivyoiona?

Nyumba hiyo iliponunuliwa mwaka 1847 ili ihifadhiwe kwa ajili ya umma, haikuwa na sura hiyo. Sehemu yake moja ilikuwa imetumika kama bucha, nyingine ilikuwa nyumba ya kunywea pombe iliyofunikwa matofali kwa mbele, na pande zote mbili zilibanwa na nyumba za majirani. Kati ya mwaka 1857 na 1864 nyumba za majirani zilibomolewa ili kuepusha hatari ya moto, na uso wa nyumba ukajengwa upya. Mafundi walifuata nini? Walifuata mchoro uliochorwa na Richard Greene na kuchapishwa katika gazeti moja la London mwaka 1769, wakati vipaa vile vilipokuwa bado viko.

Kwa hiyo kijumba cha kauri hakisemi uongo. Kinaeleza kwa uaminifu nyumba ilivyokuwa mwaka 1893. Lakini nyumba ya 1893 ilikuwa imefuata mchoro wa 1769, nao ulichorwa miaka 205 baada ya Shakespeare kuzaliwa. Kila hatua ina mashaka yake. Mwanafunzi akiulizwa, "Kitu hiki ni ushahidi wa nini?", jibu lililo sahihi si "wa wakati wa Shakespeare," bali ni "wa wakati wa aliyekitengeneza, na kupitia kwake, kwa tahadhari, wa wakati uliotangulia."

Kuna funzo la pili, nalo kwangu ni kubwa zaidi. Mchoro ule ulikuwa kazi ndogo ya mtu mmoja aliyeangalia kwa makini, akachora alichokiona, na kazi yake ikachapishwa. Karibu miaka 90 baadaye ukawa mwongozo wa kuirudisha nyumba nzima. Laiti asingejisumbua, mafundi wangebaki wakibuni.

Nyumba ya udongo iliyogeuka kauri

Kijumba kilicho mezani pangu ni mfano wa nyumba ya Robert Burns, iliyoko kijiji cha Alloway. Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba nyumba hiyo haikuwa kasri. Ilikuwa ya udongo, yenye ezeko la nyasi, na baba yake Burns, mtunza bustani, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe mwaka 1757. Mshairi akazaliwa humo tarehe 25 Januari 1759. Yasimuliwa kwamba siku chache baadaye dhoruba iliangusha sehemu ya ukuta, na mama na mtoto wakakimbizwa kwa jirani. Baadaye nyumba hiyo ilitumika kama kilabu cha pombe, hata ilipofika mwaka 1881 wadhamini waliolitunza jina la mshairi wakainunua.

Jambo hilo nimelifikiria mara nyingi. Sisi tumezoea kudhani kwamba jengo la kihistoria sharti liwe la mawe, lenye minara na milango ya nakshi. Nyumba ya udongo huiona haina historia. Tunangoja iporomoke ili tujenge ya matofali ya saruji. Waskoti waliichukua nyumba ya udongo ya mkulima maskini wakaiweka miongoni mwa hazina zao, na wafinyanzi wa Stoke wakaigeuza kuwa kauri. Udongo wa ukuta wa Alloway na udongo wa kijumba ni ndugu. Tofauti yao ni moto tu. Na heshima ya nyumba haikutoka katika vifaa vyake, bali katika kile ambacho watu waliamua kukikumbuka.

Kijumba kisichoyasema

Haki inataka tuseme pia yale ambayo kijumba huyaficha. Kinaonyesha nyumba safi ya shamba, lakini kilitoka katika mji wenye matanuri marefu yenye umbo la chupa, yaliyotoa moshi mweusi wa makaa mchana na usiku. Nembo na rangi zilitiwa kwa mikono, na kazi hiyo ilifanywa hasa na wanawake na wasichana. Wafinyanzi wa eneo lile waliugua mapafu kwa kuvuta vumbi la gumegume lililosagwa, ugonjwa usiokuwa na tiba. Msafiri aliyekipeleka kijumba nyumbani kama kumbukumbu ya likizo yake hakulikumbuka pafu la mtu hata mmoja. Tukikihoji kitu, tusikihoji juu ya nyumba iliyoigwa tu. Tukihoji pia juu ya mikono iliyoifanya kazi.

Nao matanuri yale yamekwisha. Tanuri la mwisho la aina ile liliwashwa mwaka 1978, na wakati huo liliwashwa kwa ajili ya kumbukumbu tu, ili wazee walioijua kazi wapigwe picha wakiifanya na maneno yao yaandikwe. Waliona kwamba hata ustadi ni kitu kinachoweza kuanguka kama ukuta.

Je, yanatuhusu?

Najua kuna msomaji atakayesema: "Haya ni mambo ya Waingereza na vinyago vyao. Yanatuhusu nini?" Nami sitaki asadiki kwamba kila kitu cha kigeni kinatuhusu. Lakini kauri si mgeni wa jana katika pwani yetu. Lugha yetu yenyewe hulitumia neno kauri kwa gamba la baharini na kwa chombo cheupe. Waitalia nao walifanya vivyo hivyo: jina walilokipa chombo cha Kichina, ambalo limeenea Ulaya nzima, lilikuwa kwanza jina la gamba hilo hilo.

Nenda Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ukayaone makaburi ya kale yenye nguzo. Utaona mahali ambapo mabakuli na sahani za Kichina zilijengewa ndani ya chokaa. Wanaakiolojia wanaojua ni wakati gani aina fulani ya kauri ilitengenezwa China, huitumia kukadiria umri wa makaburi na misikiti ya pwani. Hivyo basi Mwingereza aliliweka jengo ndani ya kauri ili alikumbuke. Mswahili aliiweka kauri ndani ya jengo, na bila kukusudia akatuachia kalenda. Wala malighafi haiko mbali. Vilima vya Pugu, karibu na mji huo huo, vina kaolini tele.

Tusingoje kishindo

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa maarufu, limepigwa picha mara zisizohesabika na limo katika mji uliotambuliwa kuwa urithi wa dunia. Mhandisi anayeitwa kurudisha jengo kama hilo ana mahali pa kuanzia. Lakini je, msikiti mdogo wa kijijini kwenu? Shule ya kwanza ya wilaya? Nyumba ya udongo ya mzee aliyewafundisha watu kusoma chini ya mwembe? Ikianguka usiku wa mvua, asubuhi ataitwa nani mwenye vipimo vyake?

Ombi langu kwa walimu wa sekondari ni dogo. Kila mwaka, kidato kimoja kichague jengo moja la zamani katika eneo la shule. Wanafunzi waombe ruhusa kwa wenyewe, wapime urefu wa kuta, unene wake, kimo cha milango na mwinamo wa paa. Wachore kwa skeli, wakijifunza kwamba nyumba ya mita 12 huwa sentimita 6 kwa skeli ya 1:200. Waandike tarehe, majina ya vifaa, na maneno ya wazee juu ya nani alijenga na kwa nini. Wakiwa na udongo mzuri, wafinyange na mfano wake, wapime ulivyonywea ulipokauka na ulipochomwa. Nakala moja ibaki shuleni na nyingine apewe mwenye nyumba. Hisabati, kemia, jiografia na historia zitakutana katika kazi moja, na gharama yake ni kamba, rula na karatasi.

Sisemi kwamba kila mchoro wa mwanafunzi utakuja kuwa kama ule wa 1769. Mingi itasahauliwa kabatini. Lakini hakuna ajuaye leo ni upi utakaotafutwa kesho, na usiochorwa hautapatikana kamwe.

Kijana akiniuliza tena nina shughuli gani na kitu cha kuchezea, nitampa rula na kumwambia: kipime kwanza, kisha nenda kaipime nyumba ya babu yako.